Niliwaambia nyumbani "napanda TB", baba akaficha kikohozi

Wakuu, hamjambo humu ndani.

Mimi ni msomaji wa kimya. Nimesoma nyuzi zenu kwa miaka bila kuandika hata "pole". Leo naandika wangu wa kwanza, na nitasema jinsi mambo yalivyokuwa. Chumvi sitatia. Chumvi natia kazini, kwa gramu, na mtaona ni kazi gani.

Majina nimebadilisha. Niiteni Kawira.

Mimi ni yule mtu wa kufunga mlango, kufika barabarani, kisha kurudi kuangalia kama nimeufunga. Nikishaangalia, naanza kujiuliza kama niliangalia vizuri. Uzi huu wenyewe nimeuandika na kuufuta mara nyingi. Kwa hivyo mkiona nimezunguka sana mahali, nivumilieni, ndivyo kichwa changu kinavyotembea.

Nyumbani ni upande wa Githongo, Meru. Tuna kahawa, ndizi na ng'ombe mmoja wa maziwa. Baba ni mkulima na mwimbaji wa kwaya ya kanisa. Anaimba bass, ile sauti nzito ya chini. Ukiwa nje ya kanisa huwezi kusikia maneno ya wimbo, lakini baba utamsikia.

Huniita mami, kwa sababu nimebeba jina la mamake. Shikeni hilo, litarudi.

Nilisomea biochemistry. Baada ya kumaliza nilitarmac muda mrefu nikitafuta kazi, mpaka jirani wakaacha kuniuliza maana hata wao walikuwa wanaona aibu. Halafu nikapata kazi ya mkataba, msaidizi wa utafiti katika maabara moja mjini Embu. Siku niliyopata ile kazi baba alipiga simu kwa watu ambao hata sikujua ana namba zao.

Sasa, kazi yenyewe. Nitaieleza polepole kwa sababu kisa chote kimekaa hapo.

Bakteria wa TB ana protini nyingi mwilini mwake. Watafiti wakitaka kuchunguza moja tu, hawalazimiki kumfuga yeye mwenyewe, ambaye ni hatari. Wanachukua jeni moja, yaani yale maagizo ya kutengeneza hiyo protini, wanayaweka ndani ya bakteria mwingine, mpole, wa kutumiwa maabara. Huyo mpole anaanza kutengeneza protini ya mwenzake bila kujua.

Sisi tunamzidisha kwenye chupa za supu yake, yaani chakula chake cha majimaji. Tunampasua. Tunaitoa protini na kuiosha kwa maji ya chumvi mpaka kila kitu kingine kiondoke, ibaki peke yake. Mwishowe unapata kijichupa chenye kitu kinachofanana kabisa na maji.

Hicho ndicho watu hutumia kutafiti vipimo vya TB. Kwa mfano, unaona kama damu ya mtu aliyewahi kukutana na TB itaikumbuka ile protini.

Ndani ya kile kijichupa hakuna TB. Hakuna kitu chochote kilicho hai. Hakiwezi kumuambukiza mtu hata akitaka.

Haya yote nayaandika vizuri leo. Shida ni kwamba siku nilipoulizwa nyumbani sikuyasema hivi.

Ilikuwa Desemba. Tulikuwa nyuma ya jikoni tunamenya ndizi mbichi, mama, mimi, binamu zangu, na tata Karimi, dada mkubwa wa baba. Tata ana mdomo usio na breki, lakini ukilala njaa yeye ndiye wa kwanza kujua. Baba alikuwa ameketi kando ananoa panga.

(Tulikuwa tunaongea Kimeru. Nawawekea kwa Kiswahili.)

Tata akaniambia, "Kawira, hebu nisaidie. Watu wakiniuliza unafanya kazi gani, nasema iko Embu. Sasa Embu ni kazi?"

Watu wakacheka.

"Niko maabara, tata. Tunafanya mambo ya TB."

"Mnatibu?"

"Hatutibu. Tunatengeneza protini."

"Protini si maharagwe?"

Hapo ndipo nilipoanza kufikiria sana. Nikatafuta Kimeru cha "jeni", sikukipata. Nikatafuta cha "clone", wapi. Kila mtu alikuwa ananitazama, msomi wa kwanza wa boma, nimeshindwa kueleza kazi yangu mwenyewe kwa lugha ya mamangu. Nikaokota maneno niliyokuwa nayo karibu, na maneno tuliyo nayo karibu kwetu ni ya shamba.

Nikasema, "Tunachukua kipande kidogo cha TB, tunakipanda ndani ya kidudu kingine. Kikikua tunavuna, tunaosha, tunaweka kwa friji."

Visu vikasimama.

"Unapanda TB?" tata akauliza.

"Kipande, tata. Kipande tu."

"Wenzako wanapanda viazi, wewe unapanda TB. Na ikikataa kumea, mnaiwekea mbolea?"

Walicheka mpaka binamu mmoja akajikata kidole. Mimi pia nilicheka. Baba ndiye aliyecheka zaidi, na kwa ile sauti yake akasema, "Muacheni mami wangu. Akivuna atatuletea."

Wakuu, maneno hayo mawili. "Akivuna atatuletea."

Mnajua vile mzaha mtamu hutembea kijijini. Kufikia Krismasi nilikuwa nimepata jina. Nikipita sokoni Githongo nasikia, "Mkulima! Embu kumenyesha?" Mama wa mboga ananiuliza kama nina miche ya kuuza. Kanisani mtu mmoja akanisalimia kwa mkono, kisha akaufuta kwa koti akijifanya anatania.

Nilirudi Embu nikiwa nimeudhika kidogo, lakini nikajiambia ni utani, utapita. Nilifikiria kumpigia tata nimueleze upya. Niliandika hata maneno ya kusema. Halafu nikaona nitaonekana nimekasirikia mzaha, nikaacha.

Mwaka ukasonga. Kwenye baridi ya Julai nikaanza kusikia kitu kwenye simu.

Baba ni mtu wa kuongea. Anaanza na mvua, anaenda kwa ng'ombe, anamalizia na kwaya. Sasa akawa anasema "mami, uko salama? Haya, ongea na mamako," na kabla simu haijafika kwa mama nasikia akikohoa huku akienda mbali. Si kikohozi cha kusafisha koo. Kilikuwa cha chini, chenye maji.

Nikiuliza, ni vumbi. Wiki nyingine ni dawa ya kunyunyizia kahawa. Wiki nyingine ni hiyo baridi.

Sasa fikirieni kichwa kama changu, kinafanya kazi kwenye maabara yenye neno TB mlangoni, kimesikia kikohozi kama hicho.

Sikulala vizuri. Nilijua protini haiambukizi. Nimeifanyia mtihani, nimeieleza kwa wanafunzi wa attachment, wale wanaokuja kujifunza kazi. Lakini akili ikawa inaniuliza: na lile koti jeupe ulilobeba nyumbani Desemba ukafua pale bombani? Na kama mtu alichanganya chupa? Na kama yule bakteria mpole si mpole? Nikawa nanawa mikono mpaka ngozi ya vidole ikapasuka. Narudi kukagua friji. Nasoma lebo. Nasoma tena.

Mwishowe nikaenda kwa Daktari. Huyu ndiye bosi wangu, mwanamke wa makamo, mtu wa Mbeere, kwao Kiritiri, hana maneno mengi. Nikamuuliza kama kuna njia yoyote, hata moja ndogo sana, protini yetu inaweza kumpa mtu TB.

Alivua miwani.

"Kawira, jibu unalijua. Ulinifundishia wanafunzi."

"Najua, Daktari. Nataka tu kuwa na uhakika."

"Nani anakohoa?"

Sikuwa nimesema mtu yeyote anakohoa. Nikamwambia ni baba.

"Amepimwa?"

Wiki zote hizo nilikuwa nimeshughulika kujua kama ni mimi. Nilikuwa nimemuuliza baba kama amekunywa tangawizi. Nilikuwa sijamuuliza kama amepimwa.

Daktari akavaa miwani. "Chukua ruhusa. Nenda nyumbani."

Nilifika mchana. Baba alikuwa nje kwenye kiti chake, lakini kiti kilikuwa kimehamishwa kutoka mlangoni hadi kule kwa zizi. Mshipi wake ulikuwa umetobolewa tundu jipya kwa msumari. Shati nililomnunulia kwa mshahara wa kwanza lilikuwa limemkaa kama limeazimwa.

Nilipotaka kumsalimia kwa mkono akanyoosha fimbo.

"Nisalimie kwa hiyo. Nimeshika mbolea."

Mikono yake ilikuwa safi.

Ndani, kikombe chake cha bati hakikuwa na vingine. Kilikuwa kimetundikwa peke yake kwa msumari nje ya jikoni. TB haipiti kwa kikombe, wakuu, inapita kwa hewa mtu akikohoa. Yeye hakujua hilo, lakini kile kikombe kiliniambia anashuku nini.

Nikamwambia, "Baba, twende ukapimwe."

"Nipimwe nini? Mimi si kahawa."

"Baba."

"Kahawa ndiyo hupimwa, mami. Mtu hupumzika."

Nikabembeleza. Nikaomba. Nikakasirika. Akaniambia niache kumsomea. Akasimama aende kwa ng'ombe, akakohoa, akashikilia nguzo ya zizi, na akangoja nitazame kando ndipo ateme mate. Nilitazama kando. Niliona damu kwenye majani baadaye, kidogo, kama mtu aliyeuma ulimi.

Jioni jikoni mama akafunga mlango. Mama yangu si mtu wa kufunga milango.

"Usimlaumu babako," akasema. "Anaogopa, lakini si kufa."

"Anaogopa nini basi?"

"Anasema akipatikana nayo wataandika. Watauliza kwake kuna nani anafanya kazi na TB. Watasema ni wewe ulileta, wakufuate hadi Embu, wakufute. Kule kungoja kote kwa kutafuta kazi, halafu ifutwe kwa sababu ya kifua chake."

Nilimwambia mama hakuna kitu kama hicho. Hakuna.

"Mimi nakuambia vile anasema. Kwaya ameacha. Mtu alimuuliza, 'Mzee, Kawira amevuna?' Akatoka akakaa nje mpaka ibada ikaisha. Anasema yeye ndiye alijitakia, si alisema mwenyewe utatuletea?"

Wakuu, nilikaa kwenye kile kiti kidogo cha jikoni nikashindwa kulia. Baba alikuwa anakufa polepole ili nisifutwe kazi. Na wazo hilo lote alilipata kwa neno langu, na kwa mzaha wake mwenyewe wa kunitetea.

Nikaenda nje kumueleza. Safari hii vizuri, neno kwa neno. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Mami, mimi nakuamini," akasema. "Hata bila hiyo hadithi ndefu. Si mimi wa kuambiwa. Ni wao. Mimi nikitoka hospitali na hilo jina, wewe utaeleza wangapi?"

Hapo nikaelewa. Lile neno lilikuwa limeshatoka nyumbani kwetu. Kulirekebisha kwa baba peke yake hakungetosha, lazima ningelifuata lilikokwenda. Na mimi, wakuu, ni mtu ambaye hata kuongea kwenye kikundi cha WhatsApp hunichukua siku nzima.

Siku iliyofuata ilikuwa siku ya kupeleka kahawa. Kwa wasiojua, factory kwetu ni pale mkulima hupeleka kahawa aliyoichuma mchana huo huo. Kabla ya kupimwa unamwaga yako juu ya gunia, unachagua, unatoa mbichi na zilizokauka, zibaki nyekundu tupu. Watu huketi chini bega kwa bega wakichagua, na ndipo habari zote za kijiji huchaguliwa pia.

Nilibeba ya baba. Nikatandika gunia karibu na la tata Karimi.

"Aa, mkulima wa Embu!" tata akapaza sauti. "Leo umekumbuka mazao yetu ya kawaida?"

Watu wakacheka. Nikaingiza mikono kwenye kahawa, nikaanza kuchagua.

"Tata, nataka kurekebisha kitu nilichosema Desemba."

"Rekebisha."

"Mimi sipandi TB."

"Ulisema mwenyewe."

"Nilisema vibaya." Nikaokota tunda moja la kahawa, nikalibinya, mbegu zikatoka, nikabaki na ganda kwenye vidole. "Hii ni nini?"

"Ni ganda," akasema mama mmoja.

"Ni la nini?"

"La kahawa. Hata kipofu atajua kwa harufu."

"Nikilipanda, nitapata kahawa?"

"Utapata uchafu."

"Basi hiyo ndiyo kazi yangu. Nashika ganda la TB, si TB. Mtu akilinusa anajua ni la nani, lakini haliwezi kumea. Tunalitumia kufundisha vipimo kuitambua TB yenyewe."

Nikaanza kupumua. Mzee mmoja aliyekuwa ameegemea mizani akasema, "Lakini wewe. Si pale kwa lundo la maganda huota miche kila mvua?"

Na ni kweli! Wakuu, ni kweli kabisa. Kuna mbegu huponyoka kwenye mashine zikaenda na maganda. Watu wakaitikia, ee, huota, hata mimi nilichukua mche pale. Usiku kucha nilikuwa nimejiandaa kwa maswali yote isipokuwa hilo.

Nikalitazama lile ganda mkononi.

"Huota kwa sababu kahawa ilipita hapo," nikasema. "Kwetu haipiti. Maabara yetu haijawahi kuwa na huo mti. Ni kama... ni kama mparachichi umefundishwa kutoa ganda la kahawa. Lundo lote ni la mparachichi. Utatoa wapi mche wa kahawa?"

"Mparachichi ufundishwe?" tata akasema. "Na ukikataa shule?"

"Huwa unakataa, tata. Wiki nzima. Nalia."

Wakacheka, lakini sasa walikuwa wanacheka na mimi. Tata hakucheka. Alikuwa ameacha kuchagua.

"Kawira, kwa nini unatuambia haya leo?"

Nilikuwa nimeapa sitamtaja baba. Si haki yangu kumuanika mbele ya watu anaochagua nao kahawa kila mwaka. Nikasema tu, "Kuna mtu anakohoa, na hataki kupimwa, kwa sababu anaogopa itasemwa ni mimi nilileta."

Hakuna aliyeuliza ni nani. Kila mtu aliangalia gunia lake. Gunia lililokuwa mbele yangu lilikuwa na jina la baba kwa rangi nyeusi.

Tata Karimi aliinuka. Aliacha kahawa yake pale pale, haijamaliza kuchaguliwa, jambo ambalo sijawahi kuona mtu akifanya. Akajifunga leso vizuri akashika njia ya kwetu. Nikamfuata nusu nikikimbia.

Alimkuta baba kwenye kiti cha zizi.

"Wewe," akasema. "Nani alianza kusema Kawira anapanda TB?"

"Karimi, nenda nyumbani."

"Ni mimi. Nilisema sokoni, nikasema kanisani, nikasema kwa chama chetu cha akina mama. Nilikuwa najisikia mtamu. Sasa vaa viatu."

"Viatu vya nini?"

"Tunaenda hospitali. Wakikuuliza umetoa wapi hicho kikohozi, nitawajibu mimi. Na ukikataa nitalala hapa kwa zizi na ng'ombe, na unajua nakoroma."

Baba alimtazama dadake. Halafu akanitazama mimi, na kwa mara ya kwanza niliona vile alikuwa amechoka kubeba kile kitu peke yake.

"Mami," akasema, "niletee viatu."

Alipimwa makohozi. Ilikuwa TB.

Yule muuguzi aliuliza watu wa nyumbani, kweli kama baba alivyoogopa, lakini ni ili wote wapimwe. Akafika kwangu akauliza nafanya kazi gani. Baba aliinama. Tata akafungua mdomo, nikamzuia, nikajibu mwenyewe.

"Oh, protini," muuguzi akasema, bila hata kuinua macho. "Hiyo haina shida. Shida ni huyu mzee amekuja akiwa amechelewa."

Hiyo tu. Sentensi ambayo baba alikuwa ameikimbia kwa miezi ilichukua muda mfupi kuliko kufungua dirisha.

Mimi nilipimwa, sina. Mama hana, alipewa dawa za kumkinga. Tata hana, na amewaambia watu wote, hata wasiouliza. Nani alimuambukiza baba hatujui, na pengine hatutajua. TB imekuwa kwa milima yetu kabla mimi sijazaliwa. Haikungoja msomi aende Embu.

Baba alimeza dawa miezi sita yote. Alipona. Lakini daktari alituonyesha picha ya kifua, na upande mmoja una kovu kubwa ambalo halitatoka. Angekuja mapema, pengine lingekuwa dogo, pengine lisingekuwepo. Hilo nalifikiria sana. Najua mtaniambia nisifikirie. Nafikiria tu.

Amerudi kwaya. Bass haiko tena. Anaimba kwa sauti ya kawaida, na mistari mirefu anaiachia wengine katikati.

Alipomaliza dawa alikuja Embu kunitembelea. Hakuwa amewahi kufika kazini kwangu. Ndani ya maabara wageni hawaruhusiwi, kwa hivyo alikaa pale mapokezi na kofia yake kwa magoti. Nilimuomba Daktari ruhusa. Alifikiri, akaingia mwenyewe, akatoka na kijichupa kimoja kwenye barafu. Akasalimiana na baba kwa mkono, mkono kamili, akatuacha.

Nilimpa baba kile kijichupa. Kidogo, kama ncha ya kidole chake. Akakishika kwa vidole viwili jinsi anavyoshika kahawa akitaka kuona kama imeiva, akakiinua kwenye mwanga wa dirisha.

"Haya ni maji."

"Si maji, baba."

Akakigeuza. Nilisikia pumzi yake inavyopiga mluzi kidogo siku hizi.

"Kumbe ndiyo hii ilinifanya," akaanza. Akakisogeza karibu na jicho.

"Hapana," akasema. "Hii haikunifanya kitu."

Akanirudishia kwa mikono yote miwili.

Wakuu, nimefika mwisho. Funzo nililopata ni fupi kuliko uzi wenyewe. Sisi tuliosoma tunapeleka nyumbani pesa na sukari, lakini kazi yetu tunaipeleka kwa mzaha, kwa neno la kwanza lililopatikana, tukidhani halina uzito kwa sababu sisi tunajua ukweli wake. Mzazi ambaye hajui, halafu anakupenda, anaweza kulibeba neno hilo mpaka limuumize. Kaeni chini muwaeleze. Na ikikataa mara ya kwanza, elezeni tena.

Na kama kuna mtu kwenu amekohoa ikapita wiki mbili na kila siku ana sababu mpya, msimuulize kama amekunywa tangawizi. Muulizeni kama amepimwa. Kama hataki, tafuteni anaogopa nini, maana huenda anaogopa kitu kinachokuhusu wewe.

Wenzangu mnaofanya kazi ambazo lugha ya nyumbani haina majina yake, niambieni hapa chini: nyinyi mlisemaje kwenu? Wa Kimeru, Kiembu na Kimbeere mnipe neno zuri la "jeni" kama lipo. Bado natafuta. Tata Karimi amesema tuite tu "maagizo ya mparachichi", na nahofia limeshafika sokoni.